Kabla ya Chemba ya Oksijeni, Mguu Unataka Muuguzi

Mwenye kidonda cha sukari pale Malindi akifungua simu yake usiku, hakawii kukutana na tangazo la chemba ya oksijeni: mfuko mkubwa wenye zipu, mtu amelala ndani kwa raha zake, na maneno kwamba oksijeni ya presha hufufua nyama iliyokufa. Akipekua zaidi anakuta habari ya Januari 2025 kutoka Troy, Michigan, Marekani, ambako mtoto wa miaka 5 alikufa chemba aliyokuwamo iliposhika moto, na chini yake watu wanaandika kwamba kitu hicho ni bomu, kipigwe marufuku. Kisha wapo wa tatu, wenye nia njema kabisa, wanaosema kaunti za Kilifi na Lamu, hapa pwani ya Kenya, zinunue chemba ili wazee wetu wasikatwe miguu. Makundi yote matatu yanabishana juu ya mashine. Mimi nasema mguu wa mgonjwa wa sukari huokolewa au hupotea kabla mashine haijafikiriwa, mikononi mwa muuguzi anayekijua kidonda, na chemba, hata iliyo nzuri na salama, haina la kufanya mahali ambapo kazi ya muuguzi huyo haipo.

Tuanze na chemba yenyewe, maana wengi wanaoitetea na wanaoiogopa hawajaelezwa inavyofanya kazi. Hapa ufukweni tunaishi chini ya presha ya hewa ya atimosfia 1. Kwa mtu mwenye mapafu mazima, chembe nyekundu za damu tayari zimebeba oksijeni karibu yote zinayoweza kubeba, kwa hiyo kumwekea kinyago cha mtungi hakuongezi sana mzigo wao. Kinachobadilika ndani ya chemba ni maji ya damu. Mgonjwa akivuta oksijeni tupu huku presha imepandishwa, gesi huyeyuka kwenye maji hayo kama inavyoshikwa ndani ya soda chupa ikiwa imezibwa: kutoka takriban mililita 0.3 katika kila mililita 100 za damu hadi karibu mililita 6 presha ikifika atimosfia 3. Ite Boerema, daktari wa upasuaji wa Amsterdam, alionyesha mwaka 1960 kwamba nguruwe aliyeondolewa karibu chembe zote nyekundu anaweza kuishi kwa muda ndani ya chemba kwa oksijeni iliyoyeyuka tu. Nguvu hiyo ni ya kweli. Kwa kidonda, kipimo cha kawaida ni atimosfia 2 hadi 2.5, dakika 90 hivi kila kipindi, siku 5 kwa wiki, vipindi 30 hadi 40. Oksijeni hiyo huzipa chembe nyeupe nguvu ya kuua vijidudu na huchochea mishipa midogo mipya kuota. Lakini inafika pale tu damu inapofika. Nyama iliyokwisha kufa haina mshipa wa kuipokea, na hakuna presha itakayoifufua.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ya wauza mifuko ya zipu: oksijeni ni oksijeni, haba na haba hujaza kibaba. Mifuko hiyo hupanda hadi atimosfia 1.3 hivi, na mara nyingi hujazwa hewa ya kawaida inayosukumwa na kompresa. Hesabu yake si ngumu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ukiigandamiza hadi atimosfia 1.3, mgonjwa anapata sawa na kuvuta oksijeni ya asilimia 27 akiwa amekaa kitandani kwake. Kinyago cha wodini kinampa zaidi ya hapo. Kule Marekani mifuko ya namna hii iliidhinishwa kwa ugonjwa wa wapanda milima mirefu, haikuidhinishwa kwa kidonda. Anayemuuzia mwenye donda ndugu vipindi vya mfuko huo anamnyang'anya muda, na muda ndicho kitu ambacho mguu ule hauna.

Hoja ya wanaotetea chemba halisi ni nzito zaidi, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Wanataja utafiti wa Sweden wa 2010: wagonjwa 94 wenye vidonda sugu vya miguu, wengine wakapewa oksijeni tupu kwa atimosfia 2.5, wengine hewa ya kawaida kwa presha ileile, bila wao wala waliowatibu kujua nani kapata nini. Baada ya mwaka, vidonda vilikuwa vimefunga kwa asilimia 52 ya waliopata oksijeni na asilimia 29 ya wenzao. Hiyo ni tofauti kubwa. Wapinzani wanajibu kwa utafiti wa Kanada wa 2016, ambao haukuona nafuu yoyote katika idadi ya waliofikia hatua ya kukatwa, na wa Uholanzi wa 2018, wagonjwa 120, ambako faida haikutosha kuthibitika na kama theluthi moja ya waliopangiwa chemba hawakumaliza vipindi vyao. Ukisoma juu juu utasema wataalamu wamegongana. Lakini tazama wagonjwa wa Sweden walitoka wapi. Kila mmoja alikuwa na kidonda kwa zaidi ya miezi 3, na alikuwa ametunzwa kwenye kliniki ya miguu kwa miezi isiyopungua 2 kabla ya kuingizwa. Chemba iliongezwa juu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa 2023 unaitaja oksijeni ya presha kama nyongeza, kwa vidonda vyenye upungufu wa damu, pale matunzo ya kawaida yaliposhindwa na pale nyenzo zake zilipo tayari. Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, nayo inataka siku 30 za matunzo kamili zipite bila nafuu ndipo ilipie chemba kwa kidonda cha mguu kilichozama ndani. Neno la kushika hapo ni matunzo, na ndilo lisilosikika kwenye mjadala wetu.

Matunzo hayo yanaonekana mkononi. Mzee kaja na kitundu chini ya kidole gumba cha mguu, kidogo tu, kimezungukwa na sugu ya manjano ngumu kama kwato. Muuguzi wa vidonda anaanza kwa kuweka vidole viwili juu ya mguu, kisha nyuma ya kifundo upande wa ndani, kutafuta mapigo. Kama hayapatikani kote kuwili, kisu kinawekwa chini na mgonjwa anatafutiwa mpasuaji wa mishipa, kwa sababu kukwangua mguu usio na damu ni kuongeza kidonda juu ya kidonda. Mapigo yakiwapo, anaugusa unyayo kwa uzi wa nailoni wa gramu 10, ule unaopinda ukibonyezwa. Asiyeusikia amepoteza hisia za kujikinga, na huyo anaweza kutembea na msumari ndani ya kandambili tangu sokoni hadi nyumbani. Halafu anashika kisu cha upasuaji nambari 10, anakilaza karibu sambamba na ngozi, anaipunguza sugu tabaka baada ya tabaka. Inatoka vipande vyembamba vyeupe. Akiona madoa ya damu iliyokauka chini yake anajua shimo ni pana kuliko mdomo wake, anaendelea hadi ukingo uwe laini na kitundu kionekane chote. Mgonjwa hasikii kitu, na kutosikia huko ndiko kulikomchelewesha nyumbani. Kuondoa sugu peke yake hupunguza mgandamizo wa mahali hapo kwa karibu robo. Kisha kijiti butu cha chuma kilichotakaswa kinaingizwa taratibu: kikigota kitu kigumu kinachokwaruza, huenda mfupa umeshaingiliwa, na huyo anahitaji eksirei na antibiotiki za wiki kadhaa, kubadilishiwa bandeji tu hakutamfaa. Mwisho anapima urefu kwa upana, kwa sentimita, na kuandika pamoja na tarehe.

Kipimo hicho kina kazi yake. Kidonda cha sukari ambacho baada ya wiki 4 za matunzo mazuri hakijapungua nusu ya eneo lake, matumaini ya kufunga kufikia wiki ya 12 ni madogo. Hapo ndipo unapouliza tena habari ya mishipa, ya mfupa, na ya chemba pia. Lakini madaftari mengi ya kufungia vidonda yana maneno yaleyale kila siku, "dresingi imefanywa", ukurasa baada ya ukurasa bila sentimita hata moja. Hakuna awezaye kusema kidonda kimeshinda matunzo ikiwa hakuna aliyekipima. Na yanayomiminwa kwenye vidonda nayo yana hasara yake: spiriti, haidrojeni paroksaidi, ambayo povu lake huridhisha macho huku ikiua chembe changa zinazojaribu kuziba, GV, ile dawa ya zambarau, inayopaka kidonda rangi hata wekundu wa maambukizi usionekane. Maji ya chumvi yanatosha, gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya bahari hapana, ingawa wengi Lamu wamekua wakiambiwa kwamba bahari inaponya. Maji ya joto ya pwani yana vijidudu vya jamii ya vibrio, na kwa mwenye sukari au ini bovu vinaweza kuharibu nyama ya mguu kwa siku moja au mbili.

Lipo jambo jingine ambalo matangazo hayaligusi kabisa, nalo ni uzito wa mwili. Kidonda cha unyayo hakifungi kikikanyagwa, hata ukikiogesha kwa oksijeni kila siku. Tiba iliyo bora ni plasta ngumu au buti lisilovulika linalofika chini ya goti, linalosambaza uzito mguu mzima. Sasa mchukue mgonjwa wa Mkomani au Langoni, ndani ya mji wa Lamu. Mitaa yake haipiti magari. Anatembea kila mahali kwenye vichochoro, anapanda ngazi nyembamba za nyumba ya mawe, anavua viatu mlangoni kwake, mlangoni kwa jirani, na msikitini mara 5 kwa siku. Buti linalovulika litavuliwa, na mguu utakanyaga sakafu mtupu mara nyingi kuliko utakavyokaa ndani ya buti. Kama plasta ngumu haipatikani, felti yenye gundi humfaa zaidi huyu: kipande cha unene wa milimita 5 hadi 10, kimekatwa umbo la mwezi mwandamo, kinabandikwa kwenye ngozi yenyewe kukizunguka kidonda, kisiwekwe ndani ya kiatu. Akivua viatu, kinga anabaki nayo. Hubadilishwa kila baada ya siku chache, maana hubonyea ikawa haina faida. Habari ya udhu nayo ina njia: ruhusa ya kupangusa maji juu ya bandeji inajulikana kwa kila maalimu, na muuguzi anayeitaja mwenyewe kabla ya kuulizwa anaiokoa bandeji isiloweshwe mara 5 kwa siku na kingo za kidonda zisiwe nyeupe na tepetepe kama vidole vya mtu aliyeshinda akifua. Mambo kama haya ya viatu vya mlangoni na udhu si rahisi kuyakuta kwenye mwongozo wa kigeni. Yanajulikana na muuguzi anayeishi na wagonjwa wake, na kwangu mimi yana thamani kuliko mashine nyingi.

Turudi kwenye hofu ya bomu. Ina msingi. Oktoba 1997 mjini Milano, Italia, chemba ya watu wengi ilishika moto ikaua watu 11, wagonjwa 10 na muuguzi aliyekuwa nao ndani. Chanzo kilikuwa kifaa cha kupashia mikono joto alichoingia nacho mgonjwa. Moto ndani ya oksijeni nyingi haumpi mtu nafasi ya kukimbia. Lakini kutoka hapo hadi kupiga marufuku ni mbali, kwa sababu moto huo huzuiwa mlangoni, na kazi ya mlangoni inafundishika. Kwetu ingekuwa hivi. Mama aliyekuja na buibui la poliesta analivua na kuvaa gauni la pamba tupu. Leso yake haiingii mpaka ijulikane haikuchanganywa na nailoni. Uturi, mafuta ya nazi kichwani, kikuba kifuani, Vaseline ya visigino, vyote vinaachwa nje au kuoshwa kwa sabuni. Simu, kiberiti na kifaa cha kusikilizia vinabaki nje. Bandeji yenye mafuta inabadilishwa. Mkanda wa kutoa umeme tuli unafungwa mkononi na kupimwa kila siku.

Kisha linakuja la sukari. Chemba inaweza kuishusha, kwa hiyo hupimwa kabla na baada, na aliye chini ya milimoli 6 hivi kwa lita hula kwanza. Mfungo wa Ramadhani unazungumzwa wiki kadhaa mapema, hauachwi hadi siku ya mlangoni. Sikio ndilo linaloumia mara nyingi kuliko kiungo kingine, kwa hiyo presha hupandishwa polepole huku mgonjwa akimeza mate au akibana pua na kupuliza taratibu, na mwenye mafua anaahirishwa. Kifua hupigwa picha, kwa sababu hewa iliyonaswa nje ya pafu hupanuka presha inaposhushwa na inaweza kuua. Na kuna degedege la sumu ya oksijeni, ambalo ni nadra lakini lina kosa lake maalumu: asiyefundishwa hukimbilia kushusha presha amtoe mgonjwa. Mgonjwa aliyekakamaa koo lake limeziba, hewa ya mapafuni inapanuka na haina pa kutokea, pafu linapasuka. Aliyefundishwa hukata oksijeni, humpa hewa ya kawaida, na kungoja degedege liishe ndipo ashushe. Hakuna hata moja kati ya haya linalokuja ndani ya kasha la mashine.

Wanaosema tununue kwanza, wauguzi watapatikana, wafanye pia hesabu ya mitungi. Chemba ya mtu mmoja inayojazwa oksijeni hutumia takriban lita 240 kwa dakika. Dakika 90 ni lita 21,600, yaani mitungi mikubwa 3 ya lita 6,800 na ziada. Vipindi 30 ni mitungi kama 95, kwa mgonjwa mmoja. Ipakie Mokowe upande wa bara, uivushe kwa mashua, uishushe gatini Amu, yaani mji wa Lamu. Zipo chemba kubwa zinazojazwa hewa, oksijeni ikapitishwa kwenye kofia au kinyago, na hizo hutumia kidogo. Ila zinataka kompresa, mfumo wa kuzima moto, na muuguzi anayeingia ndani na wagonjwa. Huyo mwili wake hunyonya naitrojeni kama wa mzamiaji: lazima avute oksijeni presha inaposhushwa, hapandi ndege siku hiyo, na akiwa mjamzito haingii. Mgonjwa wa Kizingitini, kisiwani Pate, naye angelazimika kulala mjini wiki 6 hadi 8, maana kusi likichafuka chombo hakiondoki, na kipindi kilichokosekana hakihesabiwi.

Hoja moja ya chemba siwezi kuipunguza uzito, nayo ni ya wazamiaji. Malindi na Watamu, ambako hifadhi za bahari zilianzishwa 1968, watu huzamia kwa mitungi. Aliyepanda haraka kutoka kina kirefu akaanza kuumwa viungo, kufa ganzi au kupooza miguu, ana viputo vya naitrojeni mwilini, na tiba yake ni presha. Jedwali linalotumiwa sana, nambari 6 la jeshi la wanamaji la Marekani, humrudisha kwenye presha ya kina cha mita 18 na huchukua saa 4 na dakika 45. Kwake yeye hakuna mbadala, na pwani inahitaji chemba inayofikika kwa kazi hii. Hata hivyo saa za kwanza ni za aliye karibu naye: alazwe chali, apewe oksijeni kwa kinyago chenye mfuko, lita 15 kwa dakika, anyweshwe maji akiwa na fahamu zake, na asipandishwe ndege ya kuruka juu. Akipelekwa Mombasa kwa gari, barabara ya kutoka Malindi, kilomita 120 hivi, haipandi mlima popote. Kutoka Lamu ni zaidi ya kilomita 300. Mtungi wa lita 680 kwa mwendo huo wa oksijeni huisha kwa dakika 45. Mwenye boti ya wazamiaji ahesabu mitungi yake kwa urefu wa safari, kabla hajang'oa nanga.

Kwa hiyo kaunti ikiuliza ianzie wapi, naiambia ianze na chumba kimoja cha vidonda Malindi na kimoja Amu. Visu nambari 10, uzi wa gramu 10, vijiti vya kupimia mfupa, kidopla cha mkononi cha kusikilizia mishipa, felti, plasta, rula za karatasi, daftari lenye safu ya sentimita. Wauguzi wawili kila chumba, ili mmoja akienda likizo mlango usifungwe, na nambari ya simu ya mpasuaji wa mishipa anayepokea. Baada ya mwaka daftari litaonyesha ni wagonjwa wangapi walitunzwa sawasawa kwa wiki 4 na bado kidonda hakikupungua nusu, ni wangapi kati yao wana damu kidogo isiyoweza kuongezwa kwa upasuaji. Hao, pamoja na wazamiaji, ndio wa kupangiwa chemba moja ya pwani nzima, na hapo itanunuliwa kwa idadi inayojulikana.

Na wauguzi hao wasizungushwe. Desturi ya kumhamisha muuguzi kutoka wodi hadi wodi ina sababu zake, lakini jicho la kutambua shimo lililofichwa chini ya sugu hupatikana kwa kukwangua miguu mingi, tena chini ya macho ya mwenye ujuzi. Ukimfundisha mwezi wa pili ukamhamishia leba mwezi wa nane, atakayerithi chumba ataanza upya na spiriti.